Zege Halilali: Dona Zulmira Anaaga

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye manispaa yetu ya Pedra Mansa, Dona Zulmira Peixoto anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni. Nimepewa kumwelezea mimi, Anacleto wa getini, maana humu ndani hakuna wa kunishinda kusimulia. Shule sikuiona. Haya nimeyasema tu, dada wa mapokezi kayachapa, naye ndiye anayewasomea hapa ukumbini.

Alianza jikoni, kuchemsha kahawa. Ya kwanza niliinywa mimi, nikakaa macho mpaka Jumapili. Baadaye akapelekwa dirisha la malalamiko, akasikiliza watu mpaka malalamiko yenyewe yakachoka.

Ila tutamkumbuka kwa ule ukurasa wa mtandaoni. Mto wetu mnaujua, mvua ikikaza unaingia majumbani kule bondeni, Baixada. Wakubwa wakataka kuufunika kwa zege, juu waegeshe magari. Sheria ikawabana wawaulize wananchi kwanza. Basi wakafungua ukurasa, Dona Zulmira akapewa kuutunza: kila mtu aandike kwa simu yake, amsahihishe mwenzake, mpango utungwe na wote. Wakauita Mutirão, kama ile kazi yetu ya kwenda kumsaidia jirani kumwaga zege la paa.

Wiki mbili, kimya. Wakubwa wakachekelea, eti wananchi hawajali. Upuuzi mtupu. Tangu lini mtu wa Pedra Mansa akaenda mutirão bila mwenye nyumba kuja kumwita? Watu walikuwa wanangoja kuitwa!

Dona Zulmira akabeba chupa yake ya kahawa, akapita Baixada mlango kwa mlango. Seu Belarmino, mzee wetu muuza samaki, akamwambia siasa ni za wavaa tai, yeye amwache na samaki wake. Dona Zulmira akammiminia kikombe.

"Sijaja kuomba kura, mzee. Nimekuja kukuita kazini. Kwako maji yanaingilia wapi?"

Belarmino akapiga picha ukuta wake, akaiweka ukurasani. Jirani akambishia, maji hayaanzii hapo, acha uongo wa samaki. Wakatukanana kidogo, wakaelewana. Mwalimu akachora ramani, fundi bomba akaifuta, akachora yake. Hata mimi nilisema langu, likapendwa kuliko la mhandisi, na sitaki ubishi. Mwisho wote tukaona: mto ukifunikwa, Baixada inazama. Uachwe wazi, utanuliwe pale kwenye kiwanja cha manispaa kinachoota magugu. Mpango mzima, kazi ya mji mzima, na hakuna aliyelipwa hata soda.

Meya akajibu nini? Asanteni kwa maoni yenu. Basi. Yaani umwite mtu mutirão, akubebee ndoo za zege mpaka jua linazama, halafu umfungie mlango bila sahani ya maharage? Kwetu mtu wa hivyo hata msibani kwake watu watakwenda huku wanaangalia saa.

Sasa tunaambiwa ukurasa unafungwa leo, kwa kuwa mtunzaji wake anastaafu. Kumbe na ukurasa una umri wa kustaafu. Wanataka kuufunika mto kwa keki ya mama wa watu.

Kamati ya sherehe ilimwuliza anataka zawadi gani, saa ya ukutani ikiwa imeshanunuliwa.

"Madiwani waupigie kura mpango wa watu," akasema. "Wakimaliza, nitakata keki."

Meya alicheka. Angebakiza kicheko kidogo. Keki hiyo hapo mbele yenu, madiwani wote mmo ukumbini, kisu kiko kwenye mkoba wa Dona Zulmira. Na pale getini, ambako mlinzi ni mimi na ufunguo ninao mimi, watu wa Baixada wameshaingia, Belarmino mbele, kila mmoja na sahani yake tupu.

Asante, Dona Zulmira, kwa kahawa, na kwa kuja kutuita. Mungu akupe uzee mtamu na nyumba isiyoingia maji. Nanyi waheshimiwa, mikono juu tuhesabu. Zege likishachanganywa halilali.