Shangazi na Mazoezi ya Kutoa Kutu Vidoleni

Tarehe 30 Septemba, Shangazi anastaafu baada ya kukitumikia Kitengo cha Kompyuta cha hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Si dada wa baba wa yeyote kati yetu, lakini kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, wote humwita hivyo, naye huitika.

Alipoajiriwa, aliandika peke yake programu ya miadi ya wagonjwa. Kazi nzuri nayo ina adhabu yake: akapandishwa cheo. Tangu hapo vidole vyake vikawa vya kusaini likizo zetu na kugonga meza vikao vinapochelewa kuanza.

Miaka mitatu iliyopita, waandishi wetu wawili wa programu walipata kazi kwingine, karibu kwa wakati mmoja. Programu ya miadi ilikuwa imezeeka na ilipaswa kuandikwa upya, ili iwatumie wagonjwa ujumbe kwenye simu. Uongozi ukafikiria kuipa kazi hiyo kampuni ya nje na kututawanya sisi tuliobaki, wengine mapokezi, wengine stoo. Shangazi akaomba apewe nusu mwaka aiandike mwenyewe. Akaketi, akanyoosha mikono, akaandika mistari michache, na kompyuta ikamkatalia yote. Hakuficha. Alituambia kwamba kutu imeingia hadi kwenye mfupa, na dawa ya kutu ni kusugua.

Akaanza kusaka mazoezi mtandaoni. Mengi yalikuwa ya vijana wanaojiandaa kwa usaili. Moja lilimtaka apange malkia wanane kwenye ubao wa sataranji bila mmoja kumtishia mwenzake, akanasa humo kama nzi kwenye asali. Mama wa usafi, aliyekuwa akifuta meza huku akichungulia, alimwambia kwamba wake wenza wawili tu huwashinda wazee wa busara, sembuse malkia wanane. Kila asubuhi aliulizia kama wameshapatana. Walipopatana tulipiga makofi, kisha Shangazi akatukumbusha kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja aliyenufaika na amani ile.

Ndipo akaamua kujitungia mazoezi kutokana na mambo ya ofisini. La kwanza lilikuwa zamu ya kuosha vikombe vya chai. Kila asubuhi programu ingechagua jina moja na kubandika tangazo kwenye kompyuta zetu zote, kesho yake ihamie jina linalofuata. Majina aliyapanga kwa vyeo, kwa heshima, Mkurugenzi akiwa wa kwanza. Kwa bahati mbaya alisahau kuiambia programu ihame. Jumatatu ikamchagua Mkurugenzi. Jumanne Mkurugenzi. Jumatano pia. Yeye alidhani ni somo la unyenyekevu kwa viongozi, akakunja mikono ya shati na kuosha. Sisi tulidhani amejitolea. Nani angethubutu kumuuliza? Ijumaa alipita ofisini kwetu, sabuni bado viganjani, akauliza kwa upole kama watumishi wengine hunywa chai kwenye majani ya mgomba badala ya vikombe.

Shangazi alicheka hadi akavua miwani. Kosa alilirekebisha palepale, na baada ya hapo hakugeuka nyuma. Kutoka vikombe alihamia zamu za madereva, kutoka madereva akahamia zamu za madaktari, na siku alipofika kwa wagonjwa, programu mpya ilikuwa imeshaandikwa zaidi ya nusu. Alikuwa ameijenga zoezi kwa zoezi, na wengi wetu hatukugundua.

Kwenye kikao cha kuamua kama kazi ipewe kampuni ya nje, wajumbe walisitasita. Mkurugenzi ndiye aliyekata shauri. "Mimi programu ya huyu mama imenitia adabu wiki nzima," alisema. "Mwacheni aendelee, na watu wake wabaki naye."

Mwaka huohuo, aliyeandika maneno haya alifiwa na mume. Aliporudi kazini alikuwa anaitazama kompyuta kama mgeni. Shangazi alimpa pole mara moja tu. Baada ya hapo, kila asubuhi alimwachia mezani kikaratasi chenye zoezi moja. La kwanza lilishindikana, basi la kesho yake likawa jepesi zaidi, na la siku ya tatu jepesi kupita hilo, mpaka likabaki la kuifanya kompyuta iseme "habari za asubuhi". Hilo liliwezekana. Shangazi akasogeza kiti karibu, akasema, "Basi tuanzie hapo, mwanangu." Wakaanzia hapo.

Shangazi, kitengo chako kipo. Jumatatu utakapokuwa umelala hadi jua liwake, wagonjwa watapata ujumbe wa miadi yao, nasi tutakuwa kwenye meza zetu zilezile, hakuna aliyepelekwa stoo. Asante kwa kutushikilia. Nenda salama, upate afya, usingizi mnono na miaka mingi ya kufanya lile tu unalolipenda moyo wako.