Leodegar Chilumba na Lugha ya Watu Wote

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu mkubwa, Leodegar Chilumba, aliyezaliwa Ndanda tarehe 14 Machi 1909, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi mwaka 1923, na huko walimu walimchoka kwa kuuliza kwa nini ng'ombe aitwe ng'ombe.

Mwaka 1927 alipanda meli Lindi, akaja Dar es Salaam, akaajiriwa bandarini kupakua mizigo, na huko, kati ya Wamakonde, Waarabu, Wahindi na mabaharia wa Kigiriki, alimuuliza kila mtu jogoo wa kwao huwikaje, akashangaa kuwa jogoo ni yule yule lakini majibu hayafanani. Ndipo alipoazimia kutunga lugha ambamo neno hutoa sauti ya kitu chenyewe, ili mtu yeyote alielewe bila kufundishwa, kuvunjika kuitwe kacha, kuzama kuitwe chubwi. Wenzake walimcheka, mpaka tarehe 9 Agosti 1934, mnyororo wa winchi ya kuinulia mizigo ulipoanza kukatika, akapiga ukelele wa kacha, na genge zima likaruka kando, pamoja na baharia mmoja asiyejua hata salamu ya Kiswahili.

Alifunga ndoa na Tekla tarehe 2 Februari 1936, wakajenga Mtoni, wakajaliwa Alfonsi mwaka 1937 na Adelina mwaka 1939. Mwaka 1942 homa ya uti wa mgongo ilimwacha Adelina hasikii, na marehemu, aliyekuwa ameahidi lugha ya watu wote, akalifungia sandukuni daftari lake la maneno hayo. Jumatatu ya Pasaka mwaka 1943 alijisahau akatamka pu, neno lake la kuanguka, Adelina akaweka kiganja mbele ya midomo ya baba yake, akaihisi pumzi, kisha akauachia mchi aliokuwa ameushika uanguke, akamtazama. Marehemu alimwambia mkewe, "Mama Alfonsi, miaka yote hii nimeandika kwa masikio tu." Akaanza upya, akafuta kila neno lisiloonekana mdomoni wala kuhisika kiganjani, yakabaki maneno sitini na mawili.

Kifua kilimwanza Novemba 1955, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 18 Juni 1956, akiwa bado anamuuliza hata daktari neno la kutaja jana liweje, maana jana haina sauti wala haishikiki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mfaume, aliyefanya kazi na marehemu, na wenzake wa bandarini, na majirani wa Mtoni, Waislamu kwa Wakristo, mliopika na kukesha nasi. Adelina hasikii ninayosoma, kwa hiyo jirani yetu Bi Zuena ameketi naye hapa mbele, anamweleza kwa maneno ya baba yake. Kaka Leodegar, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.