Mwalimu Joash Bogonko na Wasomaji wa Jumamosi

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Joash Bogonko Machuki, kaka yetu tunayemzika leo Alhamisi tarehe 21 Agosti 1997, alizaliwa tarehe 4 Machi 1939 papa hapa Rodi Kopany, kifungua mimba wa marehemu Mzee Machuki na marehemu Mama Kemuma, waliohamia huku kutoka Kisii kwa biashara ya nafaka. Alisoma shule ya msingi karibu na Asumbi kuanzia 1947 hadi 1954, akahitimu ualimu 1958, akafundisha miaka kumi na minane, na darasa lake likisinzia alilisomea riwaya ya upelelezi mpaka usingizi ukakimbia.

Tarehe 20 Desemba 1964 alifunga ndoa na Teresa Nyakerario, wakajaliwa watoto wanne, Metrine akiwa wa kwanza.

Tarehe 3 Januari 1978 alifungua duka la vitabu mjini Migori, akauza riwaya za mapenzi na za majambazi, zile ambazo wakubwa walizibeza hadharani na kuzisoma wakiwa wamezifunika gazeti. Hakuuza riwaya kabla ya kuisoma mwenyewe, na mchimba dhahabu wa Macalder akimweleza riwaya iliyomkosesha usingizi kwa utamu, Mwalimu alimtafutia nyingine inayofanana nayo hata kwa majuma matatu.

Mwaka 1992 wachuuzi walianza kutandaza magunia kwenye baraza ya duka lake kila Jumamosi, wakiuza riwaya kuukuu za ng'ambo, maana walijua Msabato kama yeye hafungui duka siku hiyo. Kuwafukuza siku ya Sabato aliona ni kufanya kazi, na Jumapili akija hawapo. Teresa alimsihi aweke mtu asiye Msabato auze, akamjibu kwamba amri ya Sabato inamkataza kazi hata mgeni aliye malangoni.

Hilo familia ingelimeza. Lililotukwama kooni ni ninyi washiriki wenzake wa kanisani, na wengine mmeketi chini ya turubai hili, mliokuwa mkitoka ibadani mnachagua riwaya barazani pale, mnamwomba mchuuzi awawekee, halafu mnampelekea hela Jumapili, mkijiona mmeitunza Sabato. Mwalimu alipita na Biblia kwapani, mkamsalimu, akaitika vizuri, na nyumbani chakula kikamshinda.

Ijumaa tarehe 30 Mei mwaka huu alifunga duka kabla ya jua kutua, na Jumapili hakulifungua, akamwambia Teresa hana tena mteja wa kumfungulia. Kesho yake shinikizo la damu lilimwangusha, akalazwa hospitalini Homa Bay, akatuacha Jumanne tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na maji, walimu wenzake, pamoja na wachimba dhahabu waliofika jana wakiwa na riwaya zake mikononi.

Langoni kuna katoni kumi na nne za riwaya, zote mpya, zote alizisoma yeye kwanza. Chukueni, hazilipiwi, na leo si Sabato.

Kaka yetu, lala kwa utulivu.