Mume Wangu Alisema Nilichokuwa Nikificha

Wapendwa, jina la Bwana liinuliwe katika ukumbi huu! Mimi ni Mama Tabitha, nakaa mtaa wa Husby, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Leo nimesimama kusema jambo ambalo sisi wanawake hulisema tukiwa jikoni tu.

Ndugu zangu, tangu usichana hedhi yangu ilikuwa ikiniangusha. Mama yangu kule Bungoma aliniambia ndivyo tulivyoumbwa, nikaamini. Nilimfuata mume wangu hapa Stockholm, tukapata Tabitha, kisha sikushika mimba tena. Maumivu yakazidi. Yalishuka kiunoni, yakaingia mguuni, yakaja hata siku zisizo zake. Nilikuwa namvisha mzee soksi huku nimekaza meno.

Nilienda kituo cha afya mara nyingi. Nikapigwa picha ya tumbo, ikaonekana safi, nikapewa vidonge, nikarudi kazini. Dada mmoja katika imani alininong'oneza nichunguze laana ya ukoo. Nilifunga, nikaomba, nikaanza kujiuliza nimemkosea Mungu nini.

Baba Tabitha mnamjua, dereva wa basi, si mtu wa maneno. Siku ya miadi na daktari wa wanawake alibadilishana zamu akanisindikiza. Daktari akaniuliza maumivu yangu yako namba ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Nikatabasamu, nikasema nne. Nilikuwa nimezoea kutosumbua watu.

Mume wangu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, daktari. Mke wangu hupika akiwa amepiga magoti, kwa sababu hawezi kusimama. Akisikia naingia, anainuka. Anadhani sijui."

Ndugu zangu, nililia! Miaka yote ile nilidhani nimemficha. Daktari akaweka kalamu chini, akasogeza kiti, akaniomba nianze upya, tangu usichana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nakuamini."

Baada ya miezi ya kungoja, nilipasuliwa kwa matundu madogo. Wakakuta ugonjwa uitwao endometriosisi: nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake, imeng'ang'ania hadi kwenye utumbo. Wakaondoa walichoweza.

Sitawadanganya, sijapona kabisa. Kuna siku nalala na chupa ya maji moto tumboni. Mtoto wa pili hatujampata, na hilo bado linatuuma sote wawili. Lakini haikuwa laana! Bwana amenitoa katika upweke ule na hatia ile. Siku hizi nikiumwa nasema, na Baba Tabitha anashika mwiko jikoni.

Namshukuru Mungu aliyempa mume wangu macho, na daktari masikio. Dada yangu uliyejikunja ndani ya koti lako, mtumaini Bwana, tena umweleze daktari yote. Ukiogopa kwenda peke yako, nishike mkono tukitoka hapa. Jumanne sina zamu. Tutaenda wote.