Msiyaonje Kabla ya Septemba

Sikilizeni wanangu, na wewe Darrel uvue hilo koti ukae, maana mtu aliyevaa koti husikiliza huku anaondoka. Rosalyn, niinulie mto kidogo. Hapo, inatosha. Pumzi yangu naigawa, kwa hiyo msinikatize isipokuwa mkiona nimesinzia.

Najua kwamba Jumatatu katapila linakuja. Hakuna aliyeniambia. Nilimsikia Darrel pale barazani akimweleza kwa simu yule mwenye mashine wa Cygnet aanze na mstari wa kando ya kijito, ile mitufaha niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu, kisha ageuze udongo wote uwe tayari kwa miti ya cheri. Sikukasirika. Cheri zina soko, matufaha hayauziki tena kama zamani, na mwenye shamba ana watoto wa kulisha. Lakini katika mstari ule kuna kitu ambacho bado hakijajulikana, nami nakufa kabla hakijajulikana, ndiyo maana nimewaita wote wawili.

Tumalize kwanza ya mali, hayo ni mepesi. Shamba lote, toka barabarani hadi kijitoni, ni la Darrel, aliyebaki hapa akaumia mgongo pamoja na baba yake wakati wenzake wakihamia mjini Hobart kutafuta kazi za kitini. Nyumba hii ni ya Rosalyn, ili siku akichoka na mji awe na mlango wa kufungua mwenyewe, na kaka yake asije akamwita mgeni. Visu vya baba yenu vya kubebeshea miti mgawane, ila kile chenye mpini wa pembe ni cha Rosalyn. Najua utanuna, Darrel. Nuna tu, lakini mkono wake ni mwepesi kuliko wako na wewe mwenyewe unajua.

Sasa haya mengine.

Nilipokuwa msichana, bonde lote la Huon lilikuwa mitufaha, mlima huu na mlima ule, na mwezi wa nne ukifungua dirisha asubuhi, harufu iliingia kabla ya baridi. Wasichana tulisimama bandani tukifunga kila tufaha kwenye karatasi yake, tukilaza safu kwa safu ndani ya masanduku ya kwenda kwenye meli za Uingereza, vidole vimekauka kwa karatasi, midomo haifungwi kwa umbea. Baba yenu alinichumbia hapo hapo. Alipitisha sanduku mbele yangu akaniita kwa jina, “Una, hili umelifunga vibaya,” nami nikamwambia alifungue aone, akalifungua, halikuwa na kosa, akabaki amesimama na uso mwekundu kama matufaha yenyewe.

Kisha Waingereza wakaacha kununua, na serikali ikawalipa watu wang'oe miti yao. Nyinyi mlikuwa wadogo. Moshi wa visiki ulikaa bondeni kipupwe chote, nguo zikianikwa zinarudi ndani zinanuka moshi. Baba yenu aling'oa kilima chote cha juu, na kila jioni alikuja mezani akala bila kusema kama chakula kina chumvi au hakina.

Mwaka huo huo nilianza kuotesha mbegu. Nilikuwa nikitengeneza pai, vikonyo na mbegu vimebaki ubaoni, na badala ya kuwatupia kuku nikazitoa zile mbegu, nikazichanganya na mchanga wenye unyevu, nikaziweka kwenye chupa ya jemu chini kabisa ya friji zipate baridi ya kuziamsha. Ami yenu Athol akaikuta ile chupa alipofuata maziwa. “Shemeji,” akaniambia, “watu wanalipwa wang'oe, wewe unapanda? Tena unapanda mbegu, kama ndege anayekunya uani.”

Nikamwambia, “Ndege angalau huchagua tufaha tamu. Wewe umekula matufaha maisha yako yote na uso wako bado mchungu.”

Baba yenu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu kilima kile kiishe.

Nyinyi mnajua, lakini nasema ili wajukuu waje walisikie kwenu: mbegu ya tufaha haimzai mama yake. Ukitaka tufaha lile lile, unakata kijiti cha mti mwema na kukibebesha juu ya shina la mti mwingine, ndivyo mashamba yote yalivyofanywa. Lakini mbegu za tunda moja ukizipanda, kila moja inatoka na sura yake na ladha yake, haifanani na mama wala na ndugu zake, na nyingi zinafaa nguruwe tu. Athol hakukosea kucheka.

Basi ukaota ule mti wa kando ya banda la kuku. Ulizaa mara ya kwanza mwaka ambao Rosalyn alianza shule. Mwezi wa nne baba yenu akachuma moja, akang'ata, akatema hadi kwenye ua. “Una,” akasema, “hili nikimpa nguruwe ataniuliza amenikosea nini.” Mwezi wa tano akaukata. Hakuwa na ubaya, mkulima wa matufaha ya meli alizoea kulipima tunda siku linapochumwa, maana siku ile ile linaondoka.

Mimi nilikuwa nimeyachuma yaliyobaki, nikayafukia kwenye maranda bandani nikiwaza jemu, na shughuli zikayapita. Ikafika Septemba. Rosalyn haonekani. Nikamkuta ameketi katikati ya kuku, maji yanamchuruzika kidevuni, mkononi tufaha la njano kama siagi. Nikamnyang'anya nikang'ata. Wanangu, nimekula matufaha tangu nina meno. Ule ukali wote ulikuwa umelainika ukawa kitu kingine, utamu wenye uchachu kidogo nyuma yake, na harufu iliyopanda hadi puani. Nikamwita baba yenu. Alikula mawili amesimama, kisha akapindua ndoo akaikalia.

“Ule mti nimeuchoma,” akasema. “Ndio uliopika nyama ya Jumapili.”

Hatukuwa na hata kijiti cha kubebesha. Tulipanda mbegu za yale matufaha, na kila mti ulikuja na tabia zake, hakuna uliofanana na ule.

Sasa sikieni kosa la mtu aliyeijua kazi yake. Mti uliobebeshwa ukikatwa, machipukizi ya kwenye kisiki ni ya shina la chini, hayafai kitu, na mkulima huyafyeka kila kipupwe bila hata kutazama. Baba yenu aliyafyeka shamba zima, na akifika banda la kuku aliyafyeka na pale, mwaka baada ya mwaka. Hadi asubuhi moja ya Julai akaingia jikoni na buti zenye matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ameshika chipukizi kwa vidole viwili kama ameshika nyoka.

“Una, ule mti ulibebeshwa na nani?”

“Haukubebeshwa na mtu,” nikamwambia. “Ulitoka kwenye mbegu.”

Akalitazama lile chipukizi. “Basi kisiki ndio mti wenyewe,” akasema. “Nimekuwa nikiukata kila mwaka.”

Tulitoka mbio, mimi na aproni yangu. Lilikuwa limebaki chipukizi moja nyuma ya waya, mahali mkasi haukufika. Ndio huo mti mnaoujua, huo ambao mnakula matunda yake kila Septemba. Tangu siku ile, katika nyumba hii mti wa mbegu haujakatwa kwa ladha ya mwezi wa nne.

Athol alikuja kuomba vijiti. Sikumpa, na kila Krismasi aliniomba tena mbele za watu nikamnyima tena mbele za watu, na nadhani sote wawili tulikuwa tukiingoja Krismasi. Watoto wake wapeni. Ugomvi ule ulikuwa wangu na yeye, nyinyi hamtaufaidi.

Maji, Rosalyn. Kidogo tu.

Baba yenu alipofariki, nikauchukua ule mti wa kuku na kuuchavusha kwa mkono. Nilifungua maua kabla hayajafunguka yenyewe, nikapaka kwa brashi chavua niliyoichagua, nikayavisha mifuko ya karatasi nyuki wasiniharibie. Majirani walidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mbegu za matunda hayo ndizo zilizoota mstari wa kijitoni. Nimeuwekea waya kangaruu wasiutafune, nimeungoja miaka, na mwaka huu ule wa mwisho, karibu na daraja la mbao, umezaa. Darrel, uling'ata ukaniambia, “Mama, hili ni limau limevaa nguo za tufaha.” Nilicheka, ulisema vizuri. Wiki ile ile ukapiga simu ya katapila.

Matufaha yake yako bandani, kwenye maranda, juu ya rafu ya nyuma. Msiyabonyeze kwa kidole kila wiki. Msiyaonje kabla ya Septemba. Ikifika, mkate moja, mle wawili nyinyi, bila sukari. Likiwa jema, Rosalyn abebeshe, na jina mlipe nyinyi. Jina langu hapana, nisije nikauzwa kwa kilo. Likiwa baya, ukate, Darrel, wala usijiulize mama angesemaje. Nimekata mingi. Na hiyo ambayo haijazaa, kila mmoja upate Septemba yake moja, basi. Cheri zako panda kilimani, panda shamba la kati. Sikukatazi.

Usinitazame hivyo. Najua mtu ameshapakia mashine yake kwenye lori. Ataishusha. Nenda barazani umpigie sasa hivi, na mlango uuache wazi, nataka kusikia mwenyewe.

...

Anasema nini, Rosalyn? Sikio hili limelala. Amemwambia asije? Oktoba... Amesema Oktoba? Na yule anauliza kuna nini kijitoni, eh. Nyamaza, nimsikie.

“Bado hatujaonja.”

Kasema hivyo. Umesikia? Hakusema mama anaumwa. Hakusema mama amekataza. Kasema bado hatujaonja.

Njooni karibu. Wewe pia, Darrel, baridi imekupiga, leta mkono. Mungu awaepushie jalidi ya Oktoba maua yakiwa wazi. Awape subira na meno mazuri. Msigombane juu ya ua wa mpaka wala juu ya... juu ya visu. Radhi zangu nimewapa zote, kila mmoja nzima, sikuzigawa.

Nifunike miguu. Nimechoka sasa. Mwezi huu ni... Julai bado, siyo?

Basi, ngojeni.