Mama Iodini na Wanga wa Mimea Iliyotoka Angani

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia, kaka mkubwa wa marehemu anawasomea safari ya dada yake, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Iodini.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule Januari 1955, akamaliza sekondari tarehe 2 Desemba 1966, akiwa wa pili darasani, na kila alipoulizwa habari za wa kwanza alijibu kwamba yule alikuwa na mwandiko mzuri tu.

Tarehe 1 Septemba 1969 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea, chumba cha mwisho kwenye ujia, chenye sinki mbili na dirisha lisilofungika, kazi yake ikiwa kuchemsha majani katika spiriti, kuyadondoshea iodini na kupima wanga uliomo, ndipo vidole vyake vikapata rangi isiyosikia sabuni, na yeye akapata jina.

Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na fundi umeme wa kituo, ambaye aliitengeneza feni ya chumba kile mara tano katika mwezi mmoja, ingawa feni, kwa kauli ya marehemu, haikuwa na ugonjwa wowote. Wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1988 kituo kilipokea miche ya ngano iliyokuzwa angani siku kumi na moja, ikakatwa na kugandishwa hukohuko, ili ijulikane kama mmea usio na uzito huweka wanga kama wa duniani. Marehemu alikabidhiwa kuotesha miche ndugu hapa chini, katika sanduku la namna ileile, na kuikata saa ileile, yaani saa tatu asubuhi. Vipimo vikaonyesha kwamba miche ya angani ilikuwa na nusu tu ya wanga wa ile ya duniani, Mkuu wa maabara akaandika taarifa, wageni wakaalikwa, na marehemu akaahidiwa cheo cha fundi mkuu.

Lakini asubuhi ile ya kukata, tarehe 14 Machi, aliitwa shuleni, mwanawe ameanguka na kuvunjika mkono, akarudi kutoka hospitali saa kumi jioni ndipo akakata, akaandika saa ya kweli katika daftari, wala hakuna aliyeisoma. Na jani hujaza wanga mchana kutwa, likautumia usiku. Siku tatu kabla ya wageni kufika alimwendea Mkuu, akamwambia, “Mzee, anga haijala kitu. Ile ya juu ilikatwa asubuhi, mimi nikakata jioni. Nusu tunayoishangilia ni kuchelewa kwangu.”

Mkuu alimwambia aende nyumbani, naye akakaa huko siku tisa bila kujua kama ana kazi, mumewe akimwambia kwamba kweli ikifukuzwa mlangoni itarudi dirishani. Siku ya kumi aliitwa kuotesha upya. Alipokata kwa wakati, majani yakakaribiana sana, ila katika ncha za mizizi chembe za wanga, ambazo duniani hutuama upande wa chini ndani ya seli, kwa ile ya angani zilikuwa zimetawanyika ovyo, na hilo ndilo Mkuu aliloliandika. Cheo alikipata miaka sita baadaye, akastaafu tarehe 30 Juni 2007.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2019, akafariki tarehe 11 Februari 2021, saa nane mchana, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake, na Mkuu, aliyeko hapa mbele, kwa kutomfukuza. Mvulana yule wa mkono hakuwahi kuambiwa sababu ya zile siku tisa, kwa kuwa mama yake hakutaka abebe mzigo usio wake. Mpwa wangu, leo umeisikia kwa ruhusa ya mama yako mwenyewe aliyoitoa wodini, kwa sharti kwamba tukufikishie na hili: angeitwa tena asubuhi ile, angeacha mkasi mezani na kukujia.

Pumzika kwa amani, dada, tumeridhika nawe.