Jina la Ugonjwa

Mwaka wa tisini na sita, katika basi la kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kiema alijifanya amelala. Alikuwa mzee wa kanisa, na alijua kwamba mtu aliyelala haambiwi aombee wagonjwa. Kwenye kiti cha mbele yake, Kalunde, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye, Isnino, muuza nguo, yale aliyoambiwa na daktari.

"Picha imeonyesha mifupa mifupi na kifua chembamba. Hata akizaliwa hai, hatafika kesho yake."

"Mashine si Mungu, mwanangu," Isnino akamjibu. "Kwa nini ulienda kuchungulia alichofunika?"

"Afunike asifunike, mama, wa kuzika ni mimi."

Kiema alitafuta kichwani mstari wa Biblia wa kumfaa. Akapata mingi, yote ya watu waliokwisha kupona.

"Sasa wamenidunga sindano, wakafyonza maji ya tumboni, wakayapeleka ng'ambo yapimwe," Kalunde akaendelea. "Wanataka kujua ugonjwa wenyewe unaitwaje. Huku kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kwa hivyo ugonjwa utapata jina, mtoto wangu atakosa."

"Si umpe sasa, akiwa bado tumboni?"

"Mama mkwe amekataa. Anasema huwezi kumwita mgeni ambaye hajafika."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Basi likapunguza mwendo. "Kambu wanashuka wangapi?" kondakta akauliza.

"Wawili," Kalunde akasema, akainuka peke yake.